Mke wa Viza

Mara ya pili aliponyimwa viza, Dokta alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akapita sebuleni bila kusalimia mtu na kujifungia chumbani. Hakuwa daktari wa kitu chochote. Jina hilo alipewa na mama yake tangu akiwa darasa la tatu, kwa kupenda kwake vitabu, na mtaa mzima ukalikubali kabla hajastahili. Barua ya udahili ya chuo cha ng'ambo alikuwa nayo, shahada ya pili ya uhandisi wa maji. Ufadhili alikuwa nao. Mtihani wa lugha alifaulu, picha ya kifua ilitoka safi, polisi walimwandikia kwamba hana kosa, na pasipoti yake mpya ilikuwa bado inanuka gundi. Alichokosa, afisa wa dirishani alimwambia kwa upole uliomuuma kuliko tusi, ni mafungamano na nyumbani.

"Mafungamano ndiyo mdudu gani?" mama yake akauliza.

Mama yake alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu, na watu bado walimwita Metroni. Alizoea kuuliza jambo mara moja na kujibiwa. Aliyekuwa akiulizwa siku hiyo, pale sebuleni, ni Wakala, bwana mmoja mwembamba aliyekula kwa kuwatayarishia wengine maombi ya viza, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la viatu.

"Mama, wale hawamwogopi mtu mjinga," Wakala alisema. "Wanamwogopa mtu asiye na kitu nyuma yake. Kijana wako hana mke, hana mtoto, hana kazi, hana hata kiwanja. Akishafika kule, arudi kufuata nini? Wanataka kuiona kamba."

"Na mke ni kamba?"

"Mke ni kiambatisho kizuri. Mke mwenye mimba ni kiambatisho kizuri zaidi. Hapo hata maswali hupungua."

Metroni aliutazama mlango wa chumba cha mwanawe, uliokuwa umefungwa.

"Masomo yanaanza lini?" akauliza.

Fundi hakujua lolote kati ya haya. Alikuwa na kibanda chake cha kushonea sare za shule, kati ya studio ya picha na duka la vyombo vya plastiki, na umri wake ulikuwa ule ambao mashangazi huanza kumuulizia mtu kwa sauti ya chini. Wazazi wake walikufa zamani. Alilelewa na kaka yake, mwashi, mtu mpole aliyekuwa akipelekeshwa na mkewe. Metroni alipoingia kibandani na kitambaa cha gauni, Fundi alidhani amekuja kwa gauni. Alimpima kifua na kiuno, na Metroni naye akampima yeye kwa macho, kuanzia unyayoni hadi utosini.

"Unamfahamu mwanangu Dokta?"

Fundi akainamisha uso kwenye futi yake ya kupimia. Alimfahamu. Dokta aliwahi kumletea suruali ya kupunguzwa miguu, akakaa kwenye benchi kubishana naye kwa nini mshono fulani hujikunja na mwingine haujikunji. Walicheka sana siku ile. Baadaye Fundi alimfikiria kwa muda mrefu kuliko suruali ile ilivyostahili.

"Namfahamu kidogo, mama."

"Basi utamfahamu zaidi," Metroni akasema, na gauni akaliacha hapohapo, wala hakurudi kulichukua.

Harusi ilifanyika upesi, serikalini, kwa sababu Wakala alisema karatasi ya serikali ndiyo inayosomeka vizuri. Mpiga picha alikuwa yule wa studio jirani. Bwana harusi hakutulia. Alikuwa akimvuta huku na kule: piga na wazee wote wawe mstari wa mbele, piga tukitia saini, piga mbele ya nyumba, kibao cha mtaa kionekane.

"Kaka," mpiga picha akamwambia, "harusi gani hii inapigwa kila upande kama gari linalouzwa?"

Watu walicheka. Bibi harusi alicheka kuliko wote, kwa kuwa aliona fahari kuolewa na mtu anayetaka kila kitu kiwe na ushahidi.

Miezi iliyofuata ndiyo ilikuwa mizuri kupita yote maishani mwake, na baadaye hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Dokta alikaa naye ukingoni mwa kitanda na kumuuliza maswali. Unapenda kula nini ukiwa mgonjwa? Unaogopa nini? Mama yako alikuwa na sauti ya namna gani? Ulipokuwa mdogo ulitaka kuwa nani? Fundi hakuwahi kuulizwa mambo kama hayo na mtu yeyote. Mwanzoni aliona aibu, halafu akafunguka kama bomba. Alimwambia kwamba anaogopa mbwa wadogo lakini si wakubwa. Alimwambia kwamba alitaka kuwa mtangazaji wa redio, na kwamba siku wazazi wake walipozikwa alicheka, asijue kwa nini, na shangazi yake akampiga kofi. Dokta alisikiliza kwa makini, na kesho yake alimrudishia yote bila kukosea hata moja. Anajali, Fundi alijiambia. Wanaume wangapi hukumbuka?

Mimba ilipoingia, Metroni aliipokea habari hiyo kwa kupiga makofi mara moja tu, kama mtu aliyeua mbu. Kisha akaomba kadi ya kliniki ikatolewe nakala.

Safari ya tatu dirishani, Dokta alikwenda na bahasha nene. Afisa, mwanamke mwingine safari hii, alizitazama picha, akaitazama kadi, akamuuliza Dokta atarudi kufuata nini, na mkewe anafanya kazi gani na anaogopa nini. Dokta akamjibu kuhusu mbwa wadogo. Afisa akacheka. Viza ikatoka.

Nyumba ilipiga kelele siku hiyo. Dokta alimkumbatia mama yake mpaka akamwinua kutoka chini, akamkumbatia dada yake, akamkumbatia na Wakala. Alipofika kwa mkewe alimshika mkono.

"Umenisaidia sana," alisema, kama anayemshukuru jirani aliyemwazima ngazi.

Tangu jioni hiyo hakumuuliza swali jingine. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda akisubiri, na mwenzake akawa anapanga nguo sandukuni akipiga mluzi.

Mtoto alizaliwa baba akiwa ameshaondoka. Alikuwa wa kike, mdogo mno, na Fundi akamwita Kifungo, kwa kuwa alimwona kama kifungo cha shati. Wifi yake, mdogo wa Dokta, msichana mwenye ulimi usio na breki, alilifurahia jina hilo kwa namna yake.

"Kifungo cha miaka mingapi, wifi?" aliuliza. "Au cha maisha?"

Ni huyohuyo wifi aliyetoboa. Walikuwa uani wakifua, wakagombana juu ya beseni, ugomvi wa kipuuzi kabisa, na Fundi akasema kwamba yeye ni mke wa mwenye nyumba ile, asisemeshwe hivyo.

"Mke?" Wifi akasimama na mapovu mikononi. "Wewe ni mke wa viza. Unadhani mama alikufuata kwa uzuri wako? Wakala alisema atafutwe mke, na ikiwezekana mimba. Ulikuwa wa tatu kwenye hesabu ya mama. Wawili wa kwanza walikataa kuolewa haraka hivyo."

Fundi aliacha nguo majini, akaenda moja kwa moja sebuleni. Metroni alikuwa akimpaka mjukuu mafuta mapajani.

"Mama, ni kweli?"

Metroni hakuuliza ni kweli nini. Sauti za uani zilikuwa zimemfikia.

"Ni kweli," akasema. "Kwani umepungukiwa nini? Unakula, unalala, umezaa, una mume msomi. Wenzako waliolewa kwa mapenzi, na wamo humo mitaani wanapigwa."

"Mngeniambia."

"Tungekuambia ungekataa." Akamgeuza mtoto kifudifudi, akaendelea kumpaka. "Nimezalisha wanawake miaka mingi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambiwa ukweli wote."

Fundi alikwenda kwa kaka yake. Mwashi alimsikiliza akiwa amejishika kichwa. Mkewe naye alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akisema chumba cha uani wameshampangisha mtu. Fundi akarudi alikotoka. Aliileta cherehani yake kutoka kibandani na kuiweka barazani kwa Metroni, akaanza kushona sare za watoto wa mtaa huo, na hapo ndipo maisha yake yakatulia kwa namna fulani, kama jino bovu linavyotulia usipoligusa.

Dokta alipiga simu mara nyingi mwanzoni, kisha mara chache, kisha kwa shughuli maalumu tu. Kibali chake cha masomo kilipohitaji kuongezwa muda, alitaka picha mpya. "Simameni mbele ya nyumba. Wewe vaa lile gauni la buluu. Mtoto acheke." Fundi alisimama, akavaa la buluu, na mpiga picha akamchekesha mtoto kwa funguo. Picha zilikwenda. Simu ikanyamaza tena. Kifungo alikua akijua kwamba baba ni kitu kinachokaa ng'ambo, na kwamba ukitaka kumpelekea kitu unacheka mbele ya nyumba.

Kwa bibi yake ilikuwa hadithi nyingine. Metroni, ambaye hakuwahi kumbusu mwanawe hadharani, alimbeba mjukuu huyo mgongoni hadi sokoni, akimwita "mwenzangu". Walilala kitanda kimoja. Waligombania kioo. Mtoto alipougua surua, Metroni alikaa naye bila kubadili nguo mpaka homa iliposhuka, na Fundi alipotaka kumchukua alifukuzwa kwa jicho.

Kifungo alikuwa ameshaanza kutambua herufi siku Wakala alipotokea tena. Sasa alikuwa na kitambi kidogo. Alikaa kwenye kochi kubwa, Metroni pembeni yake, wifi mlangoni. Fundi aliitwa kutoka barazani, sindano bado imechomekwa kifuani mwa blauzi.

"Shemeji," Wakala akaanza, ingawa hawakuwa na undugu wowote, "mambo ya viza hubadilika. Mwanzo walitaka mtu mwenye mke. Sasa masomo yamekwisha, kibali kinakwisha, na ili Dokta abaki kule wanataka mtu asiye na mke."

"Abaki kule kwa nini? Si alisema atarudi?"

Metroni alikohoa. "Kuna mwanamke," akasema. "Wa hukohuko. Wakifunga ndoa, anapata kukaa. Kazi ya maana anapata. Wewe hutapoteza kitu, utabaki hapahapa na mtoto. Ni saini tu."

"Talaka."

"Karatasi ya talaka," Wakala akamrekebisha, kana kwamba ni kitu kingine. "Mkikubaliana wote wawili, inatoka upesi. Mmoja akikataa inakuwa kesi, na Dokta lazima aje asimame mahakamani. Akija, kurudi huko ni kazi."

"Na kuficha, je?" Fundi akauliza. "Aseme tu hana mke?"

Wakala akatabasamu kwa uchungu wa kitaalamu. "Ndiyo ubaya wa kazi nzuri. Wale maafisa tuliwapa vyeti, tukawapa picha za kila upande, tukawapa mtoto. Faili lake lote ni wewe."

Fundi aliwatazama mmoja mmoja. Alijisikia kucheka, kama siku ile makaburini, akajizuia.

"Sisaini," akasema.

Walidhani ni hasira ya siku moja. Ilipopita wiki, Metroni akaanza kazi. Alifunga stoo ya chakula, funguo akazining'iniza shingoni. Akawaambia wateja wa barazani kwamba mkwe wake ana chawa. Wifi akaenda mbali zaidi, akatangaza kwenye kila bomba la maji kwamba yule mpiga picha hamchekeshi mtoto peke yake. Mpiga picha, mtu mwenye mke na heshima zake, akahamisha studio. Kaka wa Fundi akaitwa. Akaja na vumbi la saruji kwenye kope, akamwambia dada yake, bila kumtazama, asaini yaishe. Watu waliokuwa wakimsalimia walianza kuvuka barabara. Alishona nguo za maiti na matambara ya hospitali, kazi ambazo wengine hawakuzitaka, na kila aliyemuuliza anangoja nini alimjibu kwamba anamngoja mumewe.

Hakuwa akimngoja. Mapenzi yalimtoka zamani, pale pale uani kwenye beseni la nguo. Ila aliona kwamba kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuwa na kitu ambacho wote walikihitaji, na kitu hicho kilikuwa yeye.

Dokta mwenyewe alipiga simu. Sauti ilikuwa imebadilika, maneno yakitoka puani kidogo.

"Mke wangu," alisema, na Fundi akasikia jinsi neno hilo lilivyomkwama. "Nakuomba. Nimebakiwa na muda mfupi sana. Nikirudi huko nitakuwa nimefanya kazi bure. Unataka nini? Sema chochote."

"Yule afisa alikuuliza utarudi kufuata nini. Ulimjibu nini?"

"Hayo ni ya zamani," Dokta akasema.

"Nakuuliza, Dokta. Ulimjibu nini?"

"Nilimjibu... mke wangu na mtoto."

"Basi," akasema Fundi. "Tupo."

Akakata simu, akaendelea na mshono.

Yule mwanamke wa huko alingoja kwa muda, kisha akachoka kungoja. Hilo Fundi alilijua kwa kilio cha Metroni. Kibali kikaisha. Dokta akajificha akifanya kazi za kuosha vyombo, wakamkamata kwenye ukaguzi, wakamweka mahali fulani, halafu wakampandisha ndege. Alishuka na begi moja la mkononi na koti zito lisilo na kazi katika joto la nyumbani.

Siku aliyofika, Kifungo alijificha nyuma ya bibi yake. Mtoto alikuwa amezoea baba wa kwenye simu, na huyu alikuwa na upara, tena alinuka. Dokta aliketi kula. Alikuwa amepoteza jino la pembeni, na alitafunia upande mmoja. Baadaye alikwenda barazani, akasimama karibu na cherehani.

"Umeshinda," alisema.

Fundi aliendelea kukanyaga pedali.

"Sikulaumu," akaendelea. "Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Lakini sasa nimerudi. Wewe upo, mtoto yupo. Nimefikiria sana nilipokuwa nimefungwa kule. Mambo uliyoniambia mle chumbani, nayakumbuka yote. Tunaweza kuanza upya. Safari hii ya kweli."

Hapo Fundi alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alimtazama usoni kwa muda, na Dokta, maskini, akadhani anafikiriwa.

"Kesho Wakala anakuja," akasema Fundi. "Nimemwita mimi. Nitasaini."

"Utasaini nini?"

"Uliyoitaka."

"Sasa ya nini?" Sauti ilimpanda. "Ilikuwa na maana wakati ule! Sasa itanisaidia nini?"

"Haitakusaidia kitu," Fundi akasema. "Ndiyo maana nasaini."

Alisaini kwa mwandiko mzuri, akichukua muda wake, mbele ya Wakala ambaye hakumtazama mtu. Dokta naye alitia saini, maana hakuwa na sababu ya kukataa aliyoweza kuitamka mbele ya mama yake. Mahakama haikuwa na ugumu. Karatasi ilipotoka, Fundi alikuwa ameshapata chumba na kibanda upande wa pili wa soko, akaleta mkokoteni kubeba cherehani, godoro na masanduku mawili.

Metroni alitoka nje akiwa amemshika Kifungo mkono. Alikuwa amezeeka ghafla tangu mwanawe arudi. Mwanaume yule alikuwa akilala mpaka mchana na kumfokea juu ya chai.

"Mwanangu," akamwambia Fundi, neno ambalo hakuwahi kumwita. "Mimi sikutetei niliyoyafanya. Nenda, una haki ya kwenda. Huyu niachie. Kama hutaki kuniacha naye, niletee Jumamosi tu. Huyu ndiye mwenzangu. Nimebakiwa na nini mimi?"

Mwenye mkokoteni akajifanya anakaza kamba. Kifungo aliwatazama wote wawili, akishika kidole cha bibi yake.

"Una karatasi yoyote," Fundi akauliza, "inayoonyesha kwamba ni wako?"

Metroni akamvuta mjukuu karibu na paja lake. Fundi akakibandua kile kidole, taratibu, kama anayefumua mshono asichane kitambaa, akamwinua binti yake na kumkalisha juu ya godoro. Mtoto alipiga kelele mpaka kwenye kona, na baada ya kona. Aliita bibi, hakumwita baba. Watu walitoka milangoni. Fundi alitembea kando ya gurudumu, uso mbele, na mkono wake mmoja ulikuwa umelishika gauni la mtoto asiruke.

Alikuwa ametegemea kwamba siku hiyo atasikia utamu fulani. Alisikia njaa tu, na miguu kuuma.

Kifungo alimuulizia bibi yake kila siku. Soko lilikuwa katikati tu. Mtu mzima angefika kabla chai haijapoa. Mwanzoni Fundi alimpa vifungo ahesabu, kisha ikabidi ajibu.

"Bibi amesafiri," akamwambia. "Amekwenda ng'ambo."

Mtoto hakubisha. Alichukua kitambaa chakavu, akakaa chini ya meza ya cherehani, akaacha kuuliza.